Bila Wakili, Bila Dalili, Bila Rufani: Wahindi na Sheria ya Rowlatt

(Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya taraweh. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Alhamdulillah, tumeufikia tena mwezi huu tukiwa wazima. Najua mmechoka. Mmefunga tangu alfajiri, mmefuturu, mmesimama nyuma ya imamu rakaa nyingi, na sasa mwaambiwa mkae chini msikilize historia ya Wahindi. Kuna kijana pale nyuma nishamuona aangalia saa. Nitajitahidi nisiwafikishe wakati wa daku.

Walioandaa kikao hiki walinipa mada "Kijana na Dhulma". Ni mada pana sana, mtu aweza kuzungumza mpaka Idi asimalize. Mimi nimechukua kipembe kimoja tu, kwa sababu ya swali nililoulizwa. Mwaka jana, mwezi kama huu, kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti. Ndugu yake alikuwa amechukuliwa usiku, akakaa siku nyingi hajafikishwa kortini, na mama yao hakuambiwa yuko wapi. Akaniambia, "Maalim, nyinyi kila siku mwatwambia subira, subira. Subira mpaka lini? Si afadhali mtu aokote jiwe?"

Nilimjibu, lakini niliona machoni mwake kwamba maneno yangu hayakumuingia. Na ukweli ni kwamba hata mimi hayakuniingia. Ndugu yake alirudi nyumbani baadaye, alhamdulillah, lakini swali lilibaki nami. Basi leo nataka kulijibu, ama nijaribu, kwa kisa cha watu waliokutana na swali hilo hilo mbele ya mtutu wa bunduki.

Twende mwaka 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vimekwisha. India ilikuwa imetoa zaidi ya watu milioni moja kwenda kumpigania Mwingereza nje ya nchi yao, Ufaransa, Iraq, hata hapa kwetu. Ukienda Taveta kutoka Voi, pale Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi, Waislamu wakiwemo, waliokufa wakipigana na Wajerumani kwenye nyika ile. Watu wa India walitazamia kwamba baada ya kutoa damu kiasi hicho watapata angalau heshima kidogo. Wengi walitarajia kujitawala pole pole.

Walichopata ni sheria. Wakati wa vita serikali ilikuwa na sheria ya dharura ya mwaka 1915 iliyoiruhusu kukamata watu ovyo. Vita vikiisha sheria ya dharura nayo huisha, si ndivyo? Lakini serikali ilishaonja utamu wake. Ikaunda kamati chini ya jaji mmoja Mwingereza, Sidney Rowlatt, na kamati ikapendekeza nguvu zile ziendelee hata wakati wa amani. Tarehe 18 Machi 1919 sheria ikapitishwa. Wajumbe wa Kihindi waliochaguliwa kwenye baraza wote waliipinga, haikusaidia kitu. Wazungu wa serikali walikuwa wengi zaidi, na kura ni hesabu. Muhammad Ali Jinnah, ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria wa mambo ya utaratibu kabisa, si mtu wa kupiga kelele barabarani, alijiuzulu kwenye baraza kwa hasira.

Sheria yenyewe ilisema nini? Kwamba serikali ikimshuku mtu yaweza kumzuia mpaka miaka miwili bila kesi. Kwamba akishtakiwa, kesi itasikizwa na majaji watatu maalum, bila wazee wa baraza la mahakama, na yaweza kufanywa faraghani. Kwamba ushahidi ambao mahakama ya kawaida ingeukataa, hapa utakubaliwa. Na hukumu ikishatolewa hakuna pa kwenda.

Watu wa mitaani hawakusoma vifungu vyote hivyo. Waliifupisha kwa maneno matatu: na vakil, na dalil, na appeal. Sikilizeni vizuri, mtaona kwamba hamhitaji mkalimani. Vakil ni wakili wetu huyu huyu. Dalil ni dalili, ushahidi, hoja. Yale ya mwisho ni rufani. Huna wakili, huna dalili, huna rufani. Mama wa yule kijana angeielewa sheria ya Rowlatt bila kufundishwa na mtu.

Sasa hapa ndipo anapoingia Gandhi. Lakini kabla sijamtaja huko India, nirudi nyuma kidogo, manake njia aliyoitumia haikuanza huko. Ilianza Afrika Kusini, na ilianza na Waislamu ndani yake. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilileta sheria ya kumlazimisha kila Mhindi ajiandikishe kwa alama za vidole na atembee na cheti, kama vile wazee wetu hapa walivyokuja kutembezwa na kipande shingoni. Tarehe 11 Septemba 1906 Wahindi walikutana kwenye jumba moja la michezo mjini Johannesburg. Azimio la kuikataa sheria lilipoletwa, mfanyabiashara mmoja Mwislamu, Haji Habib, alisimama akasema azimio tupu halitoshi, wale kiapo kwa jina la Mungu. Gandhi mwenyewe aliandika baadaye kwamba alishtuka. Alikuwa amezoea mikutano ya kuinua mikono tu. Kiapo ni kitu kingine. Azimio waweza kulisahau ukifika nyumbani ukamkuta mkeo analia, lakini kiapo walala nacho. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Agosti 1908, nje ya Msikiti wa Hamidia, walikusanya vyeti vyao, wakavitia kwenye chungu kikubwa cha chuma cha miguu mitatu, wakamwagia mafuta ya taa, wakavichoma mchana kweupe. Hawakumpiga mtu. Wakangoja kukamatwa.

Njia hiyo Gandhi aliita satyagraha, maana yake kushikamana na kweli. Waikataa sheria ya dhulma waziwazi, hujifichi, humdhuru mtu, na adhabu waipokea wewe mwenyewe. Jela waenda kwa miguu yako.

Basi ikaja sheria ya Rowlatt, naye akawaita Wahindi wote. Na mwito wenyewe, ndugu zangu, ndio ulionifanya nione kisa hiki chafaa mwezi huu. Hakuwaambia watu waje na marungu. Aliwaambia wafunge maduka, waache kazi, na wafunge matumbo yao: siku moja ya saumu na dua, nchi nzima. Tarehe ikawekwa 6 Aprili 1919. Hebu fikirini serikali inayotawala watu milioni mia tatu, ina jeshi, ina reli, ina simu za upepo, yaamka asubuhi yakuta soko kimya. Utamkamata nani? Utamshtaki mtu kwa kosa la kutokula?

Mjini Bombay watu walikwenda alfajiri kuoga baharini, kisha wakaandamana, na Waislamu wa mji wakamchukua Gandhi na mwanamama mshairi Sarojini Naidu wakazungumze msikitini. Jioni wakatoka kuuza vitabu vilivyopigwa marufuku, bei anna nne tu, na wanunuzi waliambiwa kabisa kwamba kununua ni kosa laweza kuwapeleka jela. Watu walilipa rupia tano, kumi, na mmoja akatoa rupia hamsini. (Rupia hizo ndizo zilizokuwa zikitumika hapa kwetu pia siku hizo, wazee watawaambia.)

Delhi walikosea tarehe. Mwanzo ilikuwa imetajwa 30 Machi, ikabadilishwa, habari ikawachelewa. Wao wakagoma mapema, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, Wahindu na Waislamu. Siku chache baadaye, tarehe 4 Aprili, Waislamu wa Delhi walifanya jambo ambalo halikuwa limesikika: walimpandisha mtawa wa Kihindu, Swami Shraddhanand, akahutubia umati ndani ya Jama Masjid. Siingii kwenye mas'ala ya fikhi hapa, mashekhe wapo. Nasema tu kwamba dhulma ilikuwa imewakaribisha watu ambao kabla ya hapo hawakunywa maji kwa kikombe kimoja. Na hilo la kikombe si methali. Mjini Amritsar, tarehe 9 Aprili, siku ya sherehe ya Kihindu, Waislamu waliandamana pamoja nao na watu wakapokezana vikombe vya maji hadharani. Serikali iliyozoea kuwatenganisha haikuipenda picha ile hata kidogo.

Viongozi wa Amritsar walikuwa wawili: Dk. Saifuddin Kitchlew, Mwislamu, mwanasheria, na Dk. Satyapal, Mhindu, tabibu. Walikuwa wakifundisha watu kugoma bila fujo. Asubuhi ya 10 Aprili mkuu wa wilaya aliwaita nyumbani kwake kama wageni. Walipofika wakatiwa garini, wakasafirishwa kimya kimya mpaka Dharamsala, mbali, milimani. Bila wakili, bila dalili.

Watu walipopata habari walitoka kwenda kuuliza viongozi wao wako wapi. Walikuwa mikono mitupu. Kwenye daraja la reli wakakutana na askari, risasi zikapigwa, wakaanguka watu.

Na hapa sitaficha, manake nikificha nitakuwa nawadanganya. Baada ya kubeba maiti zao, umati uligeuka. Walichoma mabenki, wakaua Wazungu watano, na mwanamke mmoja Mwingereza aliyesimamia shule, Marcella Sherwood, wakampiga wakamwacha kwenye kichochoro wakidhani amekufa. Waliomwokoa walikuwa Wahindi wa mtaa ule ule. Yule kijana wangu angesema, "Unaona, Maalim? Hata wao waliokota mawe." Ndio, waliokota. Subirini tuone yaliyofuata.

Mji ukakabidhiwa jeshi, chini ya Reginald Dyer. Akapiga marufuku mikutano. Tangazo lilisomwa kwenye baadhi ya mitaa tu. Tarehe 13 Aprili ilikuwa siku ya Baisakhi, sikukuu kubwa ya Punjab, wakulima wamekuja mjini kutoka vijijini kwa sherehe na gulio la mifugo. Alasiri maelfu ya watu walikusanyika Jallianwala Bagh. Jina ni bustani, lakini kwa kweli ni uwanja uliozungukwa na kuta za nyumba, njia zake chache na nyembamba. Wengine walikuja kusikiliza hotuba za kupinga kukamatwa kwa viongozi, wengine wamejipumzikia tu, wana watoto.

Dyer aliingia na askari 90. Hamsini walikuwa na bunduki. Hawakuwa Wazungu wale askari, walikuwa Magurkha na askari wa Kihindi. Likumbukeni hili, nitalirudia. Alikuja pia na magari mawili ya deraya yenye bunduki za rashasha, hayakuweza kuingia kwa wembamba wa njia. Hakuwaambia watu watawanyike. Aliwapanga askari akaamuru wapige. Wakapiga kama dakika kumi, risasi 1,650, wakilenga pale watu walipojazana zaidi, kwenye njia za kutokea. Watu waliparamia kuta, wengine wakajitosa kisimani. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 379. Wahindi walisema ni karibu elfu moja.

Kisha Dyer akaondoka. Hakuacha daktari. Na kulikuwa na amri ya kutotoka nje baada ya saa mbili za usiku, kwa hiyo majeruhi walibaki pale wakiomba maji usiku kucha. Mama mmoja, Ratan Devi, alimkuta mumewe amekufa katikati ya wengine. Hakupata wa kumsaidia kumbeba. Alikaa naye mpaka asubuhi, mkononi ameshika fimbo ya mwanzi ya kufukuzia mbwa.

Yakafuata mengine. Kichochoro alipopigwa yule mwanamke Mwingereza, Dyer aliamuru kila Mhindi anayepita atambae kwa tumbo. Watu wanaoishi pale hawakuwa na njia nyingine ya kufikia milango yao. Mwanamume mzima, baba wa watoto, atambaa kama nyoka kwenda nyumbani kwake huku askari wamwangalia.

Gandhi naye wakati huo alikuwa amezuiwa asifike Punjab, amerudishwa Bombay. Habari za kuzuiwa kwake zilizusha fujo Ahmedabad, watu wakaua, wakachoma majengo ya serikali. Alifunga siku tatu kwa toba, na tarehe 18 Aprili akasimamisha harakati. Alikiri hadharani kwamba kosa ni lake, kosa lenye ukubwa wa milima ya Himalaya: aliwaita watu wavunje sheria mbaya kabla hawajazoea kujizuia nafsi zao. Wafuasi wake vijana walikasirika. Sisi tumeuawa, wewe watuambia tutubu?

Mimi nakiri, nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa hao waliokasirika. Nilimuona mzee yule kama mtu mwoga. Siku hizi sioni hivyo, lakini pia sitawaambia lile jibu jepesi ambalo huambiwa vijana, kwamba ukirusha jiwe wampa adui sababu. Ni kweli, mawe ya tarehe 10 yalimpa Dyer mji. Lakini wale wa Jallianwala Bagh hawakuwa na jiwe hata moja. Mtu mwenye dhulma hakosi sababu, asipopewa hujitengenezea. Kwa hiyo swali la kijana bado liko palepale.

Tuangalie basi kilichotokea kwa ile picha ya Bagh. Serikali ilificha. Punjab ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, magazeti yamezibwa mdomo. Kilichoifichua ni watu kuandika. Kamati ya Wahindi ilikwenda nyumba kwa nyumba ikachukua maneno ya mamia ya mashahidi, akiwemo yule mama wa fimbo ya mwanzi. Ndiyo sababu mimi leo, zaidi ya miaka mia baadaye, nalijua jina lake. Serikali nayo ikalazimika kuunda tume, na mbele ya tume Dyer alisema wazi kwamba angeweza kuwatawanya bila risasi, lakini wangerudi wakamcheka. Na kwamba kama magari yake yangeingia, angetumia rashasha. Waingereza wengi waliona haya kusoma maneno yale. Wengine wakamchangia fedha, zaidi ya pauni 26,000, kumwonyesha shukrani! Rabindranath Tagore, mshairi mkubwa, akarudisha heshima ya "Sir" aliyopewa na mfalme. Sheria ya Rowlatt ilifutwa mwaka 1922. Na mwaka 2019, miaka mia ilipotimia, waziri mkuu wa Uingereza alisimama bungeni akaliita tukio lile doa la aibu, akasema wanasikitika. Neno la kuomba msamaha hakulitamka, kama vile sisi tulivyosikia hapa mwaka 2023 mfalme wao alipotutembelea.

Mwaka huo huo wa 1922 moto ule uliwaka Nairobi. Harry Thuku alikuwa akipinga kipande na kodi, na Mhindi mmoja mwenye gazeti, Manilal Desai, ndiye aliyekuwa akimsaidia kuchapa karatasi zake. Thuku akakamatwa, watu wakaenda kituo cha polisi kumuuliza, na tarehe 16 Machi wakapigwa risasi. Serikali ilitaja maiti 21. Thuku akapelekwa Kismayu bila kesi, akakaa uhamishoni miaka mingi. Mwaona mpangilio ni ule ule: mshike kiongozi, watu waje kuuliza, wapige. Yaonekana wakoloni walikuwa na kitabu kimoja.

Sasa nafika kwa mtu ambaye kwa hakika ndiye niliyetaka kumzungumzia tangu mwanzo, na muda umenitupa. Kwenye mkutano mmoja wa kupinga Rowlatt, mwezi huo huo wa Aprili 1919, kijiji cha Utmanzai karibu na Peshawar, alikuwepo Mpathani mmoja kijana, jitu refu, jina lake Abdul Ghaffar Khan. Kazi yake ilikuwa kufungua shule vijijini. Alikamatwa kwa mkutano ule, na pingu za miguu zikawa ndogo hazimwenei, zikamchuna ngozi.

Mnawajua Wapathani. Ni watu wa mlimani, bunduki kwao ni kama kofia kwetu, na kisasi hurithiwa kama shamba. Ukimuua mtu leo, mjukuu wake atamtafuta mjukuu wako. Waingereza waliwapiga vita mara nyingi wasiwamalize, na kila Mpathani aliporusha risasi, wao waliongeza jeshi. Ghaffar Khan akawaendea hao hao. Mwaka 1929 akaanzisha chama akakiita Khudai Khidmatgar. Khidmat mwaijua, ndiyo huduma. Watumishi wa Mungu. Kila aliyejiunga alikula kiapo kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatatumia nguvu, hatalipa kisasi, atamsamehe aliyemdhulumu. Walifagia vijiji, walisokota nyuzi, walifundisha watoto kusoma. Nguo zao nyeupe zilichafuka upesi, wakazitia rangi nyekundu ya matofali, Waingereza wakawaita Mashati Mekundu ili waonekane makomunisti.

Ghaffar Khan hakusema ameiga kwa Gandhi. Alisema subira ni silaha aliyoitumia Mtume, salla Allahu alayhi wasallam, miaka yote ile ya Makka, na kwamba Waislamu wameisahau. Silaha, ndugu zangu. Sisi tumeifanya subira kuwa kitanda cha kulalia.

Tarehe 23 Aprili 1930, siku za maandamano ya chumvi, alikamatwa tena. Mjini Peshawar watu walijaa kwenye soko la Qissa Khwani, maana yake soko la wasimulia hadithi. Magari ya deraya yakawapitia watu. Kisha risasi. Na wale Wapathani, watu wa kisasi, hawakurudisha. Waliokuwa mbele wakianguka, waliokuwa nyuma walisogea mbele. Ikawa hivyo kwa saa kadhaa. Serikali ilitaja maiti wachache, watu wa Peshawar walisema mamia.

Likumbukeni lile nililowaambia kuhusu askari wa Dyer. Amritsar walipoamriwa, walipiga. Peshawar kililetwa kikosi cha Garhwal, Wahindu, dhidi ya umati wa Waislamu. Serikali ilihesabu kwamba Mhindu hatasita kumpiga Mwislamu. Askari wale, na miongoni mwao Chandra Singh, wakakataa. Walisema hawatapiga watu wasio na silaha. Walishtakiwa kijeshi, Chandra Singh akapewa kifungo cha maisha, wenzake miaka mingi. Kwa siku kadhaa mji wa Peshawar ulikuwa umemtoka Mwingereza mkononi.

Hapo ndipo mimi nilipopata kipande cha jibu. Yule askari mwenye bunduki ana macho. Ukimrushia jiwe, aona jiwe. Atajitetea, na usiku atalala vizuri. Ukisimama mbele yake huna kitu, atakuona wewe, na yeye ndiye atakayebaki na swali. Si kila askari. Wa Amritsar hawakulijali. Lakini dola lolote husimama juu ya mabega ya watu wake wadogo, karani, polisi, askari, na siku wale wakisema hapana, bwana mkubwa hana mkono wa kushikia bunduki.

Msidhani kisa hiki kina mwisho wa raha. Ghaffar Khan aliipinga India kugawanywa, na Pakistan ilipozaliwa ilimuona msaliti. Agosti 1948, hata mwaka wa uhuru haujatimia vizuri, wafuasi wake walipigwa risasi Babrra na serikali ya Waislamu wenzao. Yeye alifungwa tena na tena, jela za uhuru zikamweka muda unaokaribia zile za ukoloni. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, umri wake umekaribia miaka mia. Aliusia azikwe Jalalabad, Afghanistan, na kwa ajili ya maziko yake vita vya kule vikasimamishwa. Hata hivyo bomu lililipuka siku hiyo likaua waombolezaji. Mwaka mzima hawakupumzika, na siku ya kumzika mtu wa amani hawakuweza kungoja jioni.

Namalizia. Yule kijana nilikutana naye tena mwezi wa Shaaban, nikamsimulia haya. Hakuniambia kwamba ameshawishika, na mimi sikumlazimisha. Alichoniuliza ni juu ya yule mama Ratan Devi, jina lake liliandikwa na nani. Juzi nimesikia kwamba yeye na wenzake wanne wamenunua daftari. Mtu akichukuliwa mtaani kwao, wao huenda kwa familia wakaandika jina, tarehe, saa, gari lilikuwa la rangi gani, nani aliona. Kisha huenda na mama mtu kituoni, wakakaa nje kwenye benchi, hawapigi kelele, hawaondoki, mpaka wajibiwe. Alhamisi iliyopita walifuturu hapo hapo kwenye benchi, tende na maji, na askari mmoja wa zamu akaja kuomba kokwa moja naye.

Kama kuna mwenye swali, Shekhe amenipa dakika kumi.